Mashine ya Kukatia Majani Ivujapo Mafuta: Namna ya Kuiziba kwa Kuchomelea

Wafugaji wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu hawana haja ya kufundishwa faida ya ngitili. Tangu zamani Wasukuma hutenga malisho wasiyoyaingiza ng'ombe wakati wa mvua, ili majani yawasaidie kiangazi. Desturi hiyo ilitiwa nguvu upya na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Maana Mkoa wa Simiyu ulifanywa mwaka 2012. Lakini majani yaachwayo yakisimama hukauka yakawa mabua matupu. Yakikatwa yaanzapo kutoa maua, yakaanikwa vema, humfaa ng'ombe zaidi sana. Siku za kazi hiyo ni chache. Kwa hiyo mashine ikivuja mafuta wakati huo, mwenyewe hufanya haraka, na haraka ndiyo iharibuyo sanduku la gia.

Mashine nyingi zikokotwazo na trekta hupata nguvu kwa shafti izungukayo mara 540 kwa dakika. Shafti hiyo huingia katika sanduku la gia lililojaa mafuta mazito. Kisu kikigonga kisiki au kichuguu kilichofichwa na majani, kishindo hufika katika sanduku, nalo laweza kupasuka penye matundu ya bolti.

Basi, kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea, jua kwanza mafuta yatoka wapi. Osha sanduku, likaushe, upake unga wa chaki au chokaa, kisha uzungushe mashine kidogo, watu wakiwa mbali na visu. Mafuta yatachora njia yake katika weupe ule. Mara nyingi utaona kwamba hakuna ufa: sili ya shafti imelika, au gasketi imekatika, au tundu la kupumulia limezibwa na vumbi la mbuga, hewa ya moto ikayasukuma mafuta nje. Hayo hayaponi kwa kuchomelea.

Ikiwa ni ufa kweli, itambue aina ya chuma. Kiguse kidogo kwa jiwe la kunolea la umeme. Cheche fupi nyekundu ni za chuma cha kusubu. Cheche ndefu zenye kung'aa ni za chuma laini cha bamba. Metali nyeupe nyepesi isiyotoa cheche huenda ikawa alumini, nayo ina ufundi wake mwingine. Usiiguse kwa vijiti vya chuma.

Sasa lifungue sanduku katika mashine. Mwaga mafuta yote, toa gia, beringi na sili, wala usiache kizibo chochote kimefungwa, kwa kuwa mvuke wa mafuta uliofungiwa huweza kulipuka na kuua. Usisafishe kwa petroli. Dawa za kusafishia breki zenye klorini nazo ni hatari, maana zikipigwa na moto wa kuchomelea hutoa hewa ya sumu. Maji ya moto na sabuni yatosha.

Chuma cha kusubu hunywa mafuta. Kipashe moto polepole mpaka mafuta yatoke jasho, yafute, upashe tena. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, usije ukaendelea, kisha uuchimbe ufa wenyewe uwe kama mfereji. Tumia vijiti vya nikeli; vya kawaida huacha mahali pagumu kama kioo, pakapasuka tena kando ya mshono. Chomelea kipande cha milimita 25 tu, kigongegonge kwa nyundo ndogo kingali moto, kisha ungoje hata mkono uweze kukaa juu yake. Hapo ndipo uanze kingine, mahali pa mbali na cha kwanza. Ukimaliza, lifukie sanduku katika majivu makavu hata kesho yake. Kulimwagia maji ni kulivunja.

Bamba la chuma laini ni rahisi zaidi, ila ni jembamba: hutakiwa kijiti chembamba, moto mdogo, na vituo vingi, lisipinde. Ikiwa halikuweza kufunguliwa katika mashine, mashine na itengwe na trekta, na koleo la waya wa kurudishia umeme lishikwe karibu na ufa. Umeme ukipita katika beringi huzitoboatoboa.

Wako wazibao kwa sabuni ya mche. Kwa tangi la dizeli yaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini sanduku la gia hupata moto, na sabuni huyeyuka.

Mwisho, jaribu kazi kabla ya kurudisha gia. Paka chaki upande wa nje, utie mafuta ya taa ndani, uache usiku kucha. Doa likionekana asubuhi, mshono uchimbwe upya mahali hapo. Likikosekana, likaushe sanduku, weka sili mpya, safisha tundu la kupumulia, utie mafuta kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Ukikata saa ya kwanza ngitilini, simama, uzime trekta, utazame chini ya sanduku.