KIPANDO NI AMANA: Somo la Baiskeli, Bodaboda na Haki ya Njia

 

 Mwaka huu tumechagua somo ambalo huenda baadhi yenu mtashangaa kuliona katika jarida la madrasa. Somo lenyewe ni baiskeli, pamoja na ndugu yake pikipiki. Tumelichagua kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu wenyewe.

Alasiri moja, mwanafunzi wetu mmoja alichelewa kutoka nyumbani. Akachukua baiskeli ya mjomba wake bila kumwambia. Baiskeli ile haikuwa na breki hata moja. Ilikuwa ikisimamishwa kwa kukandamiza ndala kwenye tairi la mbele, kama wengi wenu mnavyofanya. Kwenye mteremko wa kuingia barabara kuu ya Kibiti ndala ikateleza. Akamgonga bibi mmoja aliyebeba beseni la samaki wa kukaanga. Bibi akaanguka, samaki wakamwagika mchangani. Kijana akainuka, akaiokota baiskeli yake, akakimbia. Darasani alifika kwa wakati, akakaa mstari wa mbele.

Somo la siku hiyo lilikuwa fiqhi. Nasi walimu tulipopata habari baada ya siku tatu, tulijiuliza: fiqhi aliyokuwa akiikimbilia kijana huyu ilikuwa wapi pale barabarani? Tukaona kosa si lake peke yake. Tumewafundisha adabu za msikitini na adabu za chakula, lakini adabu za njiani tumezipitia juu juu. Makala hii ni kulipa deni hilo.

1. NEEMA YA KIPANDO

Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Allah (S.W.) anataja farasi, nyumbu na punda kuwa amewaumba ili watu wawapande na wawe pambo kwao. Kisha anatuambia kwamba anaumba na vingine tusivyovijua. Watu waliosikia aya hiyo kwa mara ya kwanza hawakuijua baiskeli. Ilikuja karne nyingi baadaye, tena kidogo kidogo. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, ambacho mtu alikiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Mwaka 1885 huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baiskeli zetu za leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mjini Belfast, akaleta tairi la kujazwa upepo.

Huku kwetu, nani asiyejua kazi ya baiskeli? Kibiti, Bungu na Ikwiriri baiskeli hubeba nazi, korosho, mkaa, madumu ya maji na watoto wa shule. Ukishuka kuelekea Nyamisati na kuingia delta ya Rufiji, njia inakatwa na mito na mikoko. Huko baiskeli nayo hugeuka abiria, hupakiwa kwenye mtumbwi na kuvushwa. Mto wenyewe, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, watu na vyombo vyao walikuwa wakiuvuka kwa kivuko pale Ndundu.

Hata bodaboda ilianza kama baiskeli. Jina hilo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana walikuwa wakiwabeba wasafiri kwenye keria za baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Baadaye pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zikachukua nafasi hiyo, na hapa Tanzania kanuni za kusajili bodaboda kama usafiri wa abiria zilitolewa mwaka 2010.

Lakini neema ni mtihani. Wazee wetu hawajasahau mwaka 2017, siku za mauaji yaliyoikumba Kibiti na wilaya za jirani, hadi pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Chombo kile kile kinachomwahisha mama mjamzito hospitali ndicho walichokipanda wauaji. Kipando hakina dhambi wala thawabu. Mwenye hesabu mbele ya Mola wake ni aliyekaa juu yake. Ndiyo maana katika Surat Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, tunafundishwa tukishakaa juu ya kipando tuikumbuke neema ya Mola wetu, tukiri kwamba bila Yeye tusingekiweza, na kwamba kwake tutarejea. Dua hiyo mnaijua kwa moyo. Isomeni na juu ya baiskeli pia, si kwenye basi la kwenda Dar es Salaam tu.

2. HAKI YA CHOMBO

Imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaamrishwa amfunge, kisha atawakali. Basi anayepanda baiskeli isiyo na breki huku akisema "Allah atanilinda" amemwacha ngamia bila kamba.

Kabla ya kupanda, angalia mambo manne:

(a) Breki. Zijaribu ukiwa umesimama. Fahamu pia kwamba rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki hukamata vibaya sana. Wakati wa mvua, au baada ya kuvuka dimbwi, anza kukamata breki mapema na punguza mwendo.

(b) Tairi. Libonyeze kwa kidole gumba. Tairi laini huchosha miguu, huharibu tyubu na huyumbisha baiskeli kwenye kona.

(c) Mnyororo. Wenzetu wa delta wajue kwamba maji ya chumvi ni adui wa chuma. Baiskeli iliyosafiri mtumbwini au kupita kwenye tope la mikoko ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, kisha mnyororo upakwe mafuta.

(d) Kengele na taa. Baiskeli haina mlio. Mtu anayetembea hakusikii mpaka umemfikia. Na usiku dereva wa lori hakuoni kama huna taa wala kiakisi mwanga.

Na kama chombo si chako, omba ruhusa kwanza. Kisha kirudishe kama ulivyokipewa, na kama kimepata pancha, sema. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Baiskeli ya mjomba nayo ni amana.

3. HAKI YA NJIA

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaeleza masahaba kwamba njia ina haki zake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Haki hizo ziliambiwa watu waliokaa tu pembezoni mwa njia. Je, sisi tunaopita katikati yake kwa kasi?

Kuzuia maudhi maana yake ni kupita upande wa kushoto kama sheria ya nchi inavyotaka, kutoegesha chombo mbele ya mlango wa watu, na kumpisha anayetembea. Katika Surat Luqman, aya ya 19, Luqman anamuusia mwanawe awe na kiasi katika mwendo na ainamishe sauti yake. Wosia huo unamfaa sana kijana wa bodaboda anayetoa bomba la moshi ili mlio usikike mtaa mzima, huku ndani ya nyumba kuna mgonjwa na mtoto mchanga.

Tufanye hesabu kidogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa hukata mita 4 hivi kwa sekunde moja. Pikipiki ya kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17. Mtoto akikatiza barabara ghafla, sekunde nzima yaweza kupita kabla mkono wako haujakamata breki, na mita hizo 17 zimekwisha. Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki hauzidi mara mbili, bali mara nne. Haya ni maumbile aliyoyaweka Allah katika viumbe vyake, hayabadiliki kwa sababu dereva ni hodari.

Kupakia "mshikaki", yaani abiria wawili au watatu nyuma ya pikipiki moja, ni kujiingiza katika hatari ambayo Allah ametukataza katika Surat Al-Baqarah, aya ya 195. Vaa kofia ngumu, na abiria wako mpe yake. Dada zetu nao, mkipanda nyuma, kusanyeni vizuri kanga na mabuibui. Nguo ikinaswa na sipoki au mnyororo humvuta mtu chini mara moja.

Kuhusu salamu, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba aliyepanda ndiye anayemsalimia anayetembea kwa miguu. Tazameni hekima yake. Aliye juu ndiye anayeshuka kwa maneno. Wewe uliye juu ya pikipiki usingoje mzee anayetembea akuanze. Punguza mwendo, mtolee salamu, ndipo upite.

4. HAKI YA ULIYEMDHURU

Turudi kwa kijana wetu. Alipotueleza, alisema amekwisha kuomba toba usiku ule ule. Tukamwambia toba ni jambo jema, lakini haki ya mja haifutiki mpaka irudishwe kwa mwenyewe au yeye asamehe. Wanazuoni wa fiqhi wamekubaliana kwamba anayeharibu mali ya mtu hulipa, hata kama hakukusudia. Kutokukusudia humwondolea dhambi, hakumwondolei dhamana. Na huyu alikuwa na uzembe juu yake, maana alijua kuwa breki hakuna.

Tukaenda naye kwa bibi, pamoja na mjomba wake. Kijana akaamkia, "Shikamoo bibi," kisha akalia. Bibi alikuwa bado anachechemea. Akamwambia, "Marahaba. Mjukuu wangu, samaki ni samaki tu. Kilichoniuma ni kwamba uliniona niko chini, ukaenda zako."

Bei ya samaki ilikubaliwa, na kijana akailipa kidogo kidogo kwa kuuza nazi siku za mapumziko. Mjomba naye alinunua breki, akasema angezifunga zamani samaki wale wasingemwagika. Leo kijana huyo akipita kwa bibi huteremka na kumsukumia dumu la maji.

Kwa hiyo, ukimgonga mtu fanya haya: simama, muinue, tafuta msaada, sema jina lako na la nyumbani kwenu, na ahidi kulipa ulichoharibu. Ajali yaweza kumpata yeyote. Kukimbia ni uamuzi wako.

5. HAKI YA MKATABA

Wengi wa kaka zenu wanaendesha bodaboda kwa mkataba. Mwenye pikipiki humkabidhi kijana chombo, kijana huleta hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Jambo hili limewasaidia vijana wengi. Limezaa ugomvi mwingi pia, kwa sababu pande mbili hazikuelewana tangu mwanzo kama ni kukodi au ni kuuziana.

Kama ni kukodi, chombo bado ni cha mwenyewe. Kikiibiwa bila uzembe wa kijana, hasara ni ya mwenye mali. Kama ni kuuziana kwa malipo ya taratibu, bei yote ijulikane siku ya kwanza, na chombo kikishakabidhiwa hasara ni ya mnunuzi. Kisichofaa ni mwenye chombo kuhesabu kuwa ameuza wakati wa wizi, na kuhesabu kuwa amekodisha wakati wa kumnyang'anya kijana aliyebakiza wiki mbili. Na deni likishakuwa deni, kuliongeza kwa sababu kijana amechelewa kulipa ni riba.

Dawa yake iko katika Surat Al-Baqarah, aya ya 282: andikeni, na wekeni mashahidi. Karatasi moja yenye bei, muda, nani anatengeneza na nini kitatokea kijana akiugua, inatosha kuzuia udugu kuvunjika. Kabla ya kutia saini mpelekeeni sheikh wenu aisome.

HITIMISHO

Wapenzi wanafunzi, mtu hujulikana dini yake njiani kama anavyojulikana msikitini, na huenda zaidi, kwa kuwa njiani hakuna mwalimu anayemtazama. Wazazi nao tunawaomba msimpe mtoto chombo kibovu kwa kuwa "ni cha kwenda madrasa tu." Bora afike amechelewa. Nasi walimu tumekubaliana kwamba atakayechelewa kwa sababu alisimama kumsaidia mtu njiani hataadhibiwa. Allah atulinde sote katika safari zetu. Amin.

ZOEZI

1. Taja haki nne za njia, na eleza jinsi mwendesha baiskeli anavyoweza kuitimiza kila moja.
2. Umeazima baiskeli ya jirani, sipoki mbili zikakatika kwa kubeba mizigo miwili ya mkaa bila ruhusa yake. Nani analipa, na kwa nini?
3. Pikipiki inakwenda kilomita 72 kwa saa. Inakata mita ngapi kwa sekunde moja?
4. Muulize ndugu au jirani anayeendesha bodaboda kama mkataba wake umeandikwa. Kama haukuandikwa, msomee sehemu ya tano ya somo hili.