Kobe Aliyeletwa Nyumbani

Mvua ikinyesha kule chini kuelekea Isiolo, kobe hutoka kutembea, na watoto wetu wachungaji huwaokota wakawaleta nyumbani. Kuna wanaotobolewa gamba na kufungwa kamba kama mbuzi. Somo letu leo ni juu ya huyo kobe.

Tuanze na gamba. Watu hudhani ni nyumba ambayo kobe ameingia tu. Sivyo. Ni mifupa yake mwenyewe, imeshikana na mbavu na uti wa mgongo, na juu yake kuna ngozi ngumu kama kucha. Ukilitoboa anaumia, na uchafu huingia kidondani.

Halafu maji. Kobe wa kwetu, yule wa madoa kama chui, huweka akiba ya maji kwenye kibofu ili avuke kiangazi. Mtoto akimnyanyua ghafla, anashtuka na kukojoa yote. Sisi tunacheka. Kumbe amemwaga akiba yake, na kama ni kiangazi anaweza kufa baadaye huko porini, bila mtu kujua.

Chakula chake ni nyasi, magugu na mpungate. Ugali, mkate na maziwa, hapana! Tumbo lake ni la majani. Na yule mdogo akifungiwa ndani ya nyumba bila jua, gamba hulegea, maanake bila jua mwili hauwezi kutumia kalsiamu vizuri.

Wenye mbuzi wasikilize hapa. Kobe hubeba kupe, na baadhi ya kupe hao wanaweza kueneza ugonjwa wa maji ya moyo, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa aina hii mwaka 2000 kwa kuogopa jambo hilo. Basi wewe unamweka karibu na boma la nini? Watoto nao wanawe mikono kwa sabuni wakimshika, kwa sababu kobe anaweza kuwa na viini vya kuhara hata kama anaonekana mzima.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga bila kibali. Na akija mnunuzi akitafuta yule kobe bapa wa kwenye mawe, wa upande wa Tharaka, mkatalieni. Tangu 2019 amewekwa katika orodha ya wanyama wanaolindwa zaidi katika biashara ya kimataifa.

Ukimkuta barabarani, mbebe polepole, chini chini, bila kumpindua, umvushe upande aliokuwa anaelekea. Aliyekatwa na panga au kugongwa na gari awekwe kwenye katoni kivulini, mpate kuwaita KWS.

Ya kujadili kikundini:
Ni kobe wangapi wamefungwa kijijini kwetu sasa hivi?
Nani ataongea na wachungaji kabla ya mvua ijayo?