Jina la Luther na Muhuri Wake
Somo kwa Wakristo na walimu wa darasa



Hapa Kariakoo, wanunuapo na kuuza watu wa makabila mengi, jirani hutuuliza: "Ninyi Walutheri ni kabila gani?" Tusiwacheke. Luther ni jina la ukoo wa Kijerumani kweli, nasi twalitamka pengine bila kujua asili yake. Vivyo hivyo wengi hutamka Kariakoo, wasikumbuke ya kuwa latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, waliokuwa na kambi mahali hapa. Jina hubaki, habari yake husahauliwa. Basi na tujifunze.

Kwanza, jina. Martin alizaliwa Eisleben, tarehe 10 Novemba 1483. Hans, baba yake, alikuwa mwana wa mkulima, akaingia kazi ya shaba kule Mansfeld. Ukoo wao uliitwa Luder. Mwaka 1517, Martin alipoanza kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, alianza kujiandika Luther. Tena katika barua kwa rafiki zake alitia sahihi Eleutherius, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya aliye huru. Katika jina la baba yake alisikia habari ya uhuru tupewao na Mwana (Yoh. 8:36).

Pili, muhuri. Huko Ulaya koo nyingi zilitambulikana kwa alama za ngao na mihuri, kama Wahaya watambuavyo ukoo kwa muziro wake. Mwaka 1530 Luther alikaa katika ngome ya Coburg, na mwana wa mtawala wa Saxony, Johann Friedrich, akamtengenezea pete yenye muhuri wake. Tarehe 8 Julai Luther alimwandikia Lazarus Spengler wa Nürnberg kumweleza maana yake:

Msalaba mweusi: Msulibiwa ndiye atuokoaye, nao msalaba huumiza.
Moyo mwekundu: msalaba hauui moyo, bali mwenye haki huishi kwa imani (Rum. 1:17).
Waridi jeupe: imani huleta furaha, faraja na amani.
Rangi ya mbingu: furaha hiyo ni mwanzo wa ile ijayo.
Pete ya dhahabu: heri ya mbinguni haina mwisho, tena ina thamani kupita vyote.

Angalieni! Ngao nyingi huonyesha simba, tai au upanga, kusudi ukoo usifiwe. Hapa katikati pana msalaba.

Tatu, sisi. Mwaka 1522 Luther mwenyewe aliwasihi watu wasijiite kwa jina lake, bali wajiite Wakristo; maana si yeye aliyesulibiwa kwa ajili yao (1 Kor. 1:13). Basi tumjibu jirani hivi: Luther ni jina la mwalimu wetu, jina letu hasa ni lile walilopewa wanafunzi kule Antiokia (Mdo. 11:26). Mfanya biashara ajiitaye Mlutheri, na mizani yake ni ya udanganyifu, jina hilo litamfaa nini? Na usharika uchaguao wazee kwa kutazama ukoo, umesahau ni jina la nani lililotajwa juu yao walipobatizwa.

Maswali kwa darasa:
1. Kwa nini msalaba ni mweusi, na moyo ni mwekundu?
2. Jina la ukoo wako lina maana gani? Walitumiaje kwa utukufu wa Mungu?
3. Jirani akikuuliza kabila la Walutheri, utamjibu nini?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.