Udongo Mweusi, Majivu ya Pumba na Chokaa
Mwongozo kwa kamati za barabara za vijiji, mafundi na wenye viwanja

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao Usukumani huitwa mbuga na ambao pia umetanda kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, haukai mahali pamoja. Mvua ikinyesha unavimba. Kiangazi kikiingia unanywea na kupasuka, hata mkono ukazama ufani hadi kiwiko. Barabara iliyojengwa juu yake hugeuka mawimbi, na nyumba hupata ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka mshazari hadi kwenye msingi. Fundi akiuziba kwa plasta, mvua za mwaka unaofuata huufungua tena.

Njia ya kawaida ni kuuchimba, kuutupa na kujaza moramu. Ni njia nzuri pale moramu ilipo karibu. Inapobidi kusombwa kutoka mbali, gharama ya malori humaliza fedha za barabara kabla hata greda halijafika. Hapo ndipo inafaa kufikiria kuutibu udongo wenyewe kwa masalia ya viwanda: majivu ya pumba za mpunga, majivu ya makapi ya miwa, majivu ya makaa ya mawe, au mavi ya chuma yaliyosagwa. Hapa tunashughulika hasa na pumba, kwa sababu mpunga hupendwa kulimwa kwenye udongo huohuo, na malundo ya pumba yako nyuma ya mashine za kukoboa.

Majivu peke yake hayatoshi

Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi. Watu humwaga majivu barabarani, wakachanganya, wakashindilia, kisha mvua ya kwanza inawaumbua. Majivu ya pumba yamejaa silika lakini yana chokaa kidogo mno, na bila chokaa silika hiyo haishikani na kitu.

Chembe za udongo mweusi ni vibamba vyembamba sana. Maji hupenya kati yao na kuvisukuma viachane. Chokaa ikiingia, kalsiamu yake huvifanya vibamba hivyo vikusanyike katika vidonge vidogo, na ndani ya siku moja au mbili udongo uliokuwa ukinata kwenye jembe huanza kuvunjika kama makombo. Kazi ya pili ni ya polepole: kukiwa na unyevu, chokaa huungana na silika na kutengeneza gundi ya aina ileile inayoshikilia saruji. Majivu huongeza silika ya kazi hiyo. Gundi hiyo hukomaa kwa wiki na miezi.

Kuchagua majivu

Ubora wa majivu hutokana na moto. Pumba zikiungua vizuri chini ya nyuzi 700 za Selsiasi, silika yake hubaki katika hali inayokubali kuungana na chokaa. Moto ukizidi hapo kwa muda mrefu, kama unavyozidi ndani ya tanuru la matofali, silika hugeuka fuwele ngumu isiyofanya kazi, na vumbi lake ni hatari zaidi kwa mapafu. Majivu meusi tii bado yana kaboni nyingi. Tafuta ya kijivu, yachekeche, na yahifadhi pakavu.

Pigeni hesabu mapema. Tani 1 ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba, na pumba hizo huacha takriban kilo 40 za majivu. Mita 1 ya mraba iliyotibiwa kwa kina cha sentimita 15 ina udongo wa kilo 200 hivi. Ukitia majivu asilimia 10 na chokaa asilimia 5, unahitaji kilo 20 za majivu na kilo 10 za chokaa. Kwa hiyo kilomita 1 ya barabara yenye upana wa mita 5 itameza tani 100 za majivu, yaani pumba za tani 2,500 za mpunga. Kwa maoni yetu, kijiji kisianze na barabara nzima. Kianze na zile sehemu mbili tatu ambako magari hukwama kila mwaka.

Kupima

Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ukipake mafuta ndani. Jaza udongo mbichi, usawazishe, uache ukauke kabisa, kisha usukumie upande mmoja na upime pengo lililobaki. Rudia kwa udongo wenye chokaa, kisha wenye chokaa na majivu. Pengo likibaki lilelile, mchanganyiko wako haujafanya kitu.

Kisanduku hakichukui nafasi ya maabara. Viwango tulivyotaja ni vya kuanzia tu. Peleka sampuli kupitia mhandisi wa wilaya wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania), au wa KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini) kwa walioko Kenya, uombe kipimo cha CBR, yaani cha uwezo wa kubeba mzigo, cha udongo ulioloweshwa, na uombe pia kipimo cha salfeti. Penye salfeti nyingi ardhini, kama ile ya jasi, chokaa inaweza kuleta uvimbe mbaya kuliko wa mwanzo, kama ilivyotokea kwenye barabara ya Stewart mjini Las Vegas, Marekani.

Siku ya kazi

Tumia chokaa iliyozimwa. Vaa buti, glavu, miwani na barakoa. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha nenda zahanati. Usimwage siku ya upepo.

Vunja mabonge, tandaza chokaa, changanya na maji, uache usiku mmoja hadi siku mbili. Kisha tia majivu, changanya tena na ushindilie siku hiyohiyo. Mitaro ya pembeni iwe imekwisha kuchimbwa. Funika kwa turubai au nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na katika siku hizo magari yasipite. Baada ya hapo weka tabaka la moramu juu, kwa sababu udongo uliotibiwa hauvumilii kusagwa na matairi ukiwa wazi.