Tulinde Miche Isiungue

Ndugu wanakikundi, wenzetu wa Limuru na Kinangop hulinda mboga changa dhidi ya sakitu. Hapa Takaungu adui ni jua la kaskazi na upepo wa bahari. Majani yakipoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyavuta, mche hunyauka, na pesa ya mbegu imekwenda. Basi tufanye hivi:

1. Juu ya kitalu tujenge kichanja cha kimo cha mita 1, tukiezeke makuti machache, mwanga upite. Upepo unakotoka tuweke ua wa makuti.

2. Tumwagilie asubuhi na jioni. Maji ya kisima tuyaonje kwanza. Yenye chumvi huunguza miche.

3. Nyanya na biringani huhamishwa zikiwa na wiki 4 hadi 6. Siku 7 kabla, tupunguze makuti na maji kidogo kidogo, zizoee jua.

4. Tuhamishe jioni. Kila mche tuuchomekee tawi upande wa magharibi, liukinge na jua la alasiri kwa siku chache.

Tujadiliane: siku ya matanga au arusi, nani atamwagilia kitalu chetu?