Bega la sindano, nani atalilipa?

Mdogo wangu wa Buyenzi, barua yako nimeisoma. Ulichomwa chanjo ya pepopunda ukiwa mjamzito, bega likaanza kuuma usiku uleule, na leo mtoto ameshajua kukaa lakini wewe huwezi kuinua mkono ufunge kilemba. Kwenye kituo cha afya wanakwambia litapoa.

Kuuma siku mbili tatu ni kawaida. Bega kukaza miezi, hapana. Chanjo hiyo hupigwa kwenye nyama nene ya mkono, vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya bega. Sindano ikipanda juu mno, dawa huingia kwenye kifuko kinachosaidia kano kuteleza, nacho huvimba. Tatizo ni pale ilipotua sindano, si chanjo yenyewe, kwa hiyo usije ukamnyima mtoto zake.

Marekani wana mfuko wa kulipa walioumizwa na chanjo tangu 1988, na bega la namna hii liliingia kwenye orodha yake 2017. Maumivu yakianza ndani ya saa 48 na madhara yakadumu zaidi ya miezi sita, huulizwi muuguzi alikosea wapi. Kwetu Burundi mfuko huo hakuna. Ule wa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona, wa 2021, wa nchi 92 nasi tukiwemo, ulikuwa wa chanjo hizo tu, tena kwa kifo au ulemavu wa kudumu.

Kilichobaki ni kifungu cha 258 cha sheria ya madai tuliyorithi kwa Wabelgiji: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake, amlipe. Ila kosa unalithibitisha wewe, na alama ya sindano imeshafutika! Ndiyo maana nataka karatasi kabla ya wakili: kadi ya kliniki yenye tarehe, ekografi ya bega, cheti cha daktari kinachosema maumivu yalianza lini na mkono unainuka hadi wapi, risiti zote. Aliyekusindikiza siku ile, kama aliona sindano ilipoingia, aandike na kutia saini.

Kisha mwandikie mkuu wa kituo, nakala mbili, yako igongwe muhuri. Dai matibabu na siku ulizofunga kibanda chako cha biashara. Ukitaja mamilioni, barua itaishia kwenye droo. Na muuguzi usimfuate kwake kugombana, utajiharibia.

Mazoezi ya bega uanze wiki hii, daktari akuelekeze. Majibu ya ekografi yakitoka niandikie, ndipo tuzungumzie wakili.