Akiba ya Manowari: Habari za Kikosi 788

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Neno hili twalitumia kwa nafaka ya ghalani. Leo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu jinsi lilivyotumika katika vita vya 1939 hadi 1945, na habari yenyewe inafika mpaka pwani yetu.

Manowari ya kuchukua eropleni ina sitaha iliyo tambarare kama uwanja, na ndege huruka na kutua juu yake. Nyingine huangushwa na adui, na nyingine hupotea bila ya adui, kwa kuwa kutua juu ya sitaha ichezayo na mawimbi ni kazi ya hatari. Basi manowari za namna hii zahitaji akiba katika nchi kavu: ndege nyingine, na watu waliokwisha kufundishwa, tayari kujaza nafasi.

Kwa sababu hiyo Kikosi 788 cha Jeshi la Majini la Uingereza kiliundwa mwezi wa Januari 1942 huko China Bay, karibu na Trincomalee, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho baadaye kiliitwa Sri Lanka. Ndege zake zilikuwa Swordfish, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyofunikwa kwa kitambaa. Ndege moja ilichukua watu watatu: mwendeshaji, mwangalizi, na mtu wa simu ya upepo na bunduki. Chini yake ilining'inizwa topido yenye uzito wa ratli zaidi ya 1,500. Mwendo wake haukupita sana maili 140 kwa saa.

Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Wajapani zilikuja kuupiga mji wa Colombo. Asubuhi hiyo Swordfish sita za kikosi hiki zilikuwa njiani kutoka China Bay kwenda uwanja wa Ratmalana, kila moja na topido yake, wala hazikuwa na ndege za kuzilinda. Zikakutana na ndege za kivita za Wajapani, ziwezazo kwenda maili zaidi ya 300 kwa saa. Zote sita ziliangushwa. Hivyo akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku nyingi ilipungua kwa saa moja.

Baada ya mashambulio hayo Admirali James Somerville aliondoa sehemu kubwa ya manowari zake, akazileta Kilindini. Kikosi 788 nacho kikaja Afrika ya Mashariki mwaka ule ule, kikakaa Tanga, ambako uwanja wa ndege wa jeshi la majini ulipewa jina la Kiswahili, Kilele.

Huku kazi yake ikawa kuwasaidia wengine kujifunza. Ndege huvuta nyuma yake, kwa waya mrefu, mfuko wa kitambaa. Nao wapiga mizinga wa manowari hulenga mfuko ule, mpaka mikono na macho yao yazoee shabaha iendayo mbio. Kazi hii haina sifa kubwa, tena yataka moyo, maana mpiga mzinga aliye mwanafunzi aweza kukosa mfuko akaielekea ndege. Lakini manowari ambayo watu wake hawakujizoeza haiwezi kujilinda siku adui ajapo. Kikosi kilivunjwa mwaka 1945.

Twaona hapa mafundisho mawili. Kwanza, akiba isiyo na mlinzi si akiba. Ghala lisilo na mlango hulisha panya. Pili, mwenye kufundisha hutenda kazi ambayo matunda yake huonekana mikononi mwa wengine. Walimu wetu walijua hayo zamani.

Maswali kwa shule:
1. Kwa nini manowari za ndege zahitaji akiba nchi kavu?
2. Ni sababu zipi zilizofanya Swordfish sita zisiweze kuokoka?
3. Eleza jinsi mfuko wa kitambaa ulivyomfundisha mpiga mzinga.